Kazi gani za visiwani zingelishinda jopo la What's My Line?

mkunazini_kwetu

Assalaam aleykum wana baraza, naomba mnisaidie hili jambo.

Kwa wasiokijua, What's My Line? ni kipindi cha televisheni cha Marekani, CBS walikirusha tangu Februari 1950 mpaka Septemba 1967, Jumapili usiku, jumla maonesho 876, na mengi yake yapo mtandaoni unayaangalia bure. Mchezo wenyewe mwepesi. Mgeni anaingia, anaandika jina lake ubaoni kwa chaki, anakaa kitako pembeni ya mwendeshaji John Daly, halafu watu wanne wa jopo wanamuuliza mmoja mmoja mpaka waijue kazi yake. Maswali ni ya ndio au siyo tu. Kila ikija siyo, zamu inahamia kwa mwengine na Daly anageuza kadi moja ya dola 5, zikifika siyo 10 mgeni kashinda, dola 50 basi, hakuna zaidi. Watu waliomo ukumbini na walioko majumbani wao washaandikiwa kazi yenyewe kwenye skrini, kwaiyo utamu wote ni kuwaona wale wanne wanavyokwenda mrama.

Kulikuwa na mgeni maarufu pia, huyo jopo wanafungwa vitambaa vya macho, na humo wamepita watu kama Eleanor Roosevelt na yule mchoraji Salvador Dalí ambaye kila akiulizwa anajibu ndio mpaka jopo wakachanganyikiwa. Lakini mie wanaonishika ni wale wasiokuwa maarufu. Unaona wanaume wa jopo na suti nyeusi na tai ya kipepeo, wanawake wamevaa magauni ya karamu, na mbele yao kakaa mtu wa kazi ya mikono ambaye hakuna anaemjua, anaitwa Bwana fulani, Bibi fulani, anaulizwa kwa adabu, na akimaliza wanampa mkono. Sijaona kipindi cha siku hizi kinachomtazama mtu wa kazi vile.

Sasa mie nasomesha skuli ya sekondari hapa mjini na siku ya wazazi nataka tuufanye mchezo huu, jopo wawe wanafunzi, wageni wawe watu wa kazi za Unguja na Pemba ambazo hawa watoto wanazipita kila siku na hawazijui. Nipeni kazi. Na mwenye mawazo ya kanuni anipe pia.

bamvua_jambiani

Waaleykum salaam mwalimu. Nakutajia yangu mwenyewe, kulima mwani baharini.

Nimejaribu kichwani nimekaa hapo kwenye kiti chako. Mtoto wa kwanza ananiuliza kazi yako unaifanyia nje? Ndio. Unashughulika na kitu kinachoota? Ndio. Basi wewe ni mkulima? Ndio, na hapo atafurahi anajua keshanipata. Afu amuulize mwenzake, shamba lako unalimwagilia maji? Siyo. Unalima kwa jembe? Siyo. Unategemea mvua? Siyo, na mvua kubwa ndo inatuharibia. Mazao yako yanaliwa? Hapo sijui mwendeshaji atajibu nini kwa sababu sie huku hatuuli kama mboga, tunaukausha tunauza, unakwenda ng'ambo unatolewa ule ute unaogandisha vitu, ndo unakuja kuukuta kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Kwaiyo mtu kaula mwani maisha yake yote na hajui.

Na muda wa kazi hawataupata hata wakiuliza mpaka Magharibi, maana sie hatuendi kwa saa, tunakwenda kwa maji. Bamvua likija, siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji yanatoka mbali, tunashuka na vigingi na kamba, tunakaa ndani ya maji ya kiuno au magotini tunafunga mbegu kwa taitai, kamba nyembamba hizo, moja moja, mpaka maji yanaanza kujaa. Maji mafu, yakitoka kidogo tu, hakuna kazi ya shambani, tunasuka kamba na kuanika.

Kilimo hiki cha biashara kilianza Paje na huku kwetu Jambiani mwaka 1989, na wengi tuliomo ni wanawake. Tulisomesha watoto na tukaezeka nyumba kwa mwani. Siku hizi ile aina ya cottonii yenye bei inatufia kwa sababu maji yamekuwa moto, tunabaki na spinosum ambayo bei yake ndogo, kwaiyo wengine wanasogea maji ya kina kirefu na wengine wanatengeneza sabuni za mwani. Hayo nataka watoto wako wayasikie, wasiishie kupiga makofi tu.

fundi_vyombo

Mwalimu shikamoo kama umri wako umenipita, kama bado basi marahaba.

Mie kalafati. Baba yangu kalafati, babu kalafati, hapa Nungwi pwani. Nakuuliza, hao watoto wako wangapi wanajua kalafati anafanya nini? Watu wanamjua fundi anaeunda jahazi, huyo watalii wote wanampiga picha, lakini chombo kikishaundwa mbao zake zina mianya na ukikitia baharini hivyo hivyo kinazama siku hiyo hiyo. Ndo anakuja kalafati. Unachukua pamba unaisokota, unaitia mafuta, unaishindilia kwenye mwanya kwa tindo na nyundo, kidogo kidogo, urefu wote wa chombo pande zote. Ukishindilia sana unafungua ubao, ukilegeza maji yanapita. Kipimo chake ni sauti. Nyundo ikilia vile unajua hapo pameshiba unasonga mbele. Chini kinatiwa deheni, mafuta na chokaa, ili wadudu wasiile mbao, na juu kinapakwa sifa ya papa, mafuta ya maini yake hayo, ina harufu ambayo mke wangu mpaka leo ananijua nimeingia nyumbani kabla sijabisha hodi.

Nimesoma kwamba hicho kipindi miaka ya mwanzo mgeni alikuwa anapitishwa mbele ya jopo kwanza, wanamtazama nguo na wanamtazama mikono. Fanya hivyo hivyo kwako, usiache. Mikono inasema. Mie kidole gumba changu cha kushoto kucha yake imeota kwa ubavu kwa sababu ya kushika tindo, na mtoto mwenye macho akiiona atajua huyu anapigapiga kitu. Mama wa mwani hapo juu nae mikono yake itakuwa ina michubuko ya kamba na chumvi. Mchumaji karafuu vidole vina utomvu mweusi. Wafundishe kutazama kwanza ndo waulize.

malindi_leicester

Jamani mmenikumbusha mbali. Mie niko Uingereza miaka mingi, na huku nako walikuwa nacho, BBC walikianzisha 1951, mwendeshaji Eamonn Andrews na kwenye jopo alikuwepo Gilbert Harding, mkali yule, watu wakimuogopa. Tofauti ya huku ni kwamba mgeni akishaandika jina anaonesha kwa vitendo kidogo kazi yake, bila kusema, mikono tu inakwenda, halafu ndo maswali.

Kuna kazi moja waliyoitoa huku mpaka leo wazee wanaikumbuka, "saggar maker's bottom knocker". Jina linachekesha lakini kazi ya kweli kabisa, ya viwanda vya vyungu na sahani huko Staffordshire. Vyombo vya udongo vikitiwa kwenye tanuri vinawekwa ndani ya maboksi ya udongo mgumu visije vikaharibiwa na moshi na moto, hayo maboksi ndo saggar, anaeyaunda ni fundi mkubwa, na kijana wake anaepiga udongo ndani ya duara la chuma kutengeneza kitako cha boksi ndo mwenye jina hilo. Kazi imekufa sasa. Mtu mmoja kukaa dakika chache kwenye televisheni ndo kumefanya nchi nzima ijue kulikuwa na kazi ile.

Kwaiyo mwalimu chukua na hicho cha vitendo. Fikiria mkwezi anaonesha kwa mikono na miguu tu anavyoupanda mnazi, au huyo dada wa Jambiani anavyofunga taitai hewani. Watoto watapata kitu cha kuulizia.

michenzani_block

Mie niseme ukweli wangu. Wazo zuri lakini nina wasiwasi nalo. Mnawaweka watu wa kijijini mbele ya watoto wa mjini wenye simu, mtoto mmoja akicheka harufu ya sifa au akicheka lafudhi ya mtu, mzee wa watu anarudi kwao kavunjika moyo. Nishaona haya kwenye shughuli moja, aliitwa mama anaepiga makumbi ya nazi kutoa nyuzi za kamba, watu wakawa wanachukua video tu na kucheka, hakuna hata aliemuuliza makumbi yanakaa muda gani ndani ya tope kabla hayajapigwa.

Na hao wamarekani nao msiwasafishe sana, ukumbi ulikuwa unacheka sana. Jopo hawajui kitu wanauliza swali ambalo kwa kazi ile linakuwa na maana nyengine, basi watu wanaangua.

mkunazini_kwetu

@michenzani_block nakuelewa na nakushukuru, hili la kucheka ndo linalonikosesha usingizi. Lakini ukiangalia vizuri pale kicheko kinawaendea wale wanne, mgeni hakimgusi. Mgeni ndo anaejua. Yeye na ukumbi wako upande mmoja, wale wasomi na waandishi na waigizaji ndo waliopotea. Bennett Cerf alikuwa mwenye kampuni kubwa ya vitabu, Dorothy Kilgallen mwandishi wa magazeti hodari, Arlene Francis muigizaji, na bado mtu wa kawaida tu anawashinda kwa kujua kitu wasichokijua. Daly mwenyewe alikuwa mtangazaji wa habari na alikuwa akiona swali linamkaza mgeni anainama wananong'onezana, halafu anatoa maelezo marefu kwa nini jibu liwe siyo. Huyo ndo mlinzi wa mgeni. Mwendeshaji wangu nitamtafuta mtu mzima mwenye heshima, sio mwanafunzi.

Na kuna jengine. Kulikuwa na kipindi ndugu yake cha CBS hao hao, I've Got a Secret, kilianza 1952, mwendeshaji Garry Moore, hapo wanatafuta siri ya mgeni badala ya kazi. Februari 1956 alikuja mzee wa miaka 95, Samuel Seymour. Alikuwa ameanguka hotelini na uso umeumia na alishauriwa asije, lakini akasema anataka kuja. Siri yake ni kwamba alikuwa ukumbini, mtoto wa miaka mitano, usiku ule wa Aprili 1865 Rais Lincoln alivyopigwa risasi. Na alichokikumbuka ni cha kitoto kabisa, aliona mtu kaanguka kutoka juu akamuonea huruma yule alieanguka, kumbe ndie muuaji anakimbia. Mzee alifariki Aprili ya 1956 hiyo hiyo, miezi miwili baada ya kipindi. Wangechelewa kidogo tu wasingempata.

Mwaka uliofuata kwenye kipindi hicho hicho akaja Philo Farnsworth, siri yake aliibuni televisheni ya kielektroniki akiwa kijana wa miaka 14, na jopo hawakumpata. Yaani wamo ndani ya televisheni, mbele yao alieibuni, na hawamjui. Kaondoka na dola 80 na sigara za mdhamini.

Kwaiyo nauliza tena, wazee gani tunao sasa hivi ambao mwakani huenda tusiwe nao? Hao ndo nawataka kwanza.

mpemba_wa_wete

Mnaongea sana Unguja mnatusahau sie. Nakuja na mawili.

La kwanza makonyo. Ukichuma karafuu unachambua, tembe kwake na vikonyo kwake, na watu wengi wakisikia karafuu wanafikiri makonyo ni taka. Siyo taka, Chake kuna kiwanda yanachemshwa kwa mvuke yanatoka mafuta. Anaesimamia lile jiko mlete. Mtoto atauliza unashughulika na karafuu? Siyo. Unashughulika na mti wa mkarafuu? Ndio. Unachuma? Siyo. Unapanda? Siyo. Watamaliza siyo 10 bila kufika.

La pili ni la kujifurahisha na sio kazi, mchezo wa ng'ombe. Kwetu kuna watu wazima wana familia na mashamba yao, ikifika siku ya mchezo anaingia uwanjani na kitambaa mbele ya dume la ng'ombe, zumari inalia, wanawake wanaimba, na ng'ombe hauliwi wala hachomwi mkuki, anarudi kwao salama. Wengi husema asili yake ni wareno. Mchezaji akikaa kwenye kiti chako na kanzu yake na kofia yake nani atajua?

Ila nakwambia mwalimu mtihani wako uko kwingine. Kazi ngeni ni ngeni kwa nani? Ukilileta jopo la watoto wa Wete nikawawekea mtu wa makonyo watamtaja swali la pili, kijiji kizima kinanukia. Na ukiwawekea huyo kalafati wa Nungwi mbele ya watoto wa Nungwi watamuita ami kabla hajakaa. Wale wa kipindi walikuwa New York, mji mkubwa mtu hamjui jirani yake. Sie visiwa vidogo, huyu shemegi, yule somo yake. Kwaiyo changanya, jopo la mjini wape watu wa shamba na wa Pemba, na uwe na duru ambayo jopo ni hao wazee wenyewe na mgeni ni kijana wa mjini, anaetengeneza simu pale Darajani au anaerusha droni harusini. Hapo nae @michenzani_block hofu yake itapungua maana kila mtu atakuwa kapotea zamu yake.

fundi_vyombo

Hilo la mpemba ndilo. Mie niweke kwenye jopo nimuulize huyo wa droni.

Na mwalimu, hapo pa ubao. Wako wazee watakaoandika majina yao kwa herufi za kiarabu, ndivyo tulivyosoma chuoni kwa maalim. Mkaribishe aandike anavyoandika, asiambiwe hapana andika kwa kizungu, na wewe au mtoto ataekuwa anajua asome kwa sauti.

malindi_leicester

Jambo la kurekodi jamani. Vile vipindi vya What's My Line? vya miaka miwili ya mwanzo vingi havipo tena, CBS walikuwa wanaharibu filamu wakishamaliza kurusha, mpaka 1952 wenye kipindi Mark Goodson na Bill Todman wakakubali kulipa wenyewe ili kila onesho litunzwe. Hawakujua kwamba miaka sabini baadae mtu wa Mkunazini atakaa kuyaangalia. Tafuteni kijana mwenye kamera nzuri na maikrofoni ya kubana shingoni, sauti ya simu ukumbini haisikiki, na nakala muweke sehemu zaidi ya moja. Mie nachangia gharama ya maikrofoni.

michenzani_block

Haya, kwa hilo la zamu na la mwendeshaji mtu mzima nimekubali. Sie hapa tulikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973 wakati bara hawana televisheni kabisa mpaka miaka ya 90, kwaiyo mambo haya tusiyaone makubwa, watu wa ZBC, shirika letu la utangazaji, wakisoma hapa nao waje. Mie namleta huyo mama wa makumbi ikiwa atakubali, nitakwenda kumuomba mwenyewe. Sharti langu moja, mgeni akishajulikana au akishashinda asiondoke, apewe muda aeleze kazi yake, na watoto wamuulize maswali ya kweli sasa, sio ya ndio na siyo.

mkunazini_kwetu

Nimekubali masharti yote, wallahi mmenifanyia kazi kubwa. Pale wamarekani wana swali lao maarufu, Steve Allen alilianzisha 1953, hicho kitu ni kikubwa kuliko boksi la mkate? Watoto wangu nimewaambia sisi tutauliza ni kikubwa kuliko pakacha? Mpaka sasa nina mwani, kalafati, makumbi, makonyo, mchezaji ng'ombe na kijana wa droni. Natafuta bado mchoma chokaa na mkwezi. Zawadi itakuwa mfuko wa mchele na sukari kwa kila mgeni, ashinde asishinde, na nauli ya boti kwa wanaotoka Pemba tutachangishana walimu.

Nafikiria Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, mnaonaje?

bamvua_jambiani

Nimetazama, mwezi mpevu unaangukia Ijumaa yake, kwaiyo Jumamosi hiyo ni bamvua. Hakuna mwanamke wa mwani ataekuja mjini siku hiyo hata umpe gunia la mchele. Rudisha nyuma wiki moja, maji mafu, tutakuja watatu na tutakuja na kigingi na kamba zake.

mkunazini_kwetu

Imerudishwa wiki moja nyuma bi mkubwa. Saa tatu asubuhi, nitakutumieni gari Jambiani.